Katriji Haiguswi Mashine Ikiwaka

Kuanzia mwaka 1989 hadi masika haya, Ype Hoekema hakulala nje ya nyumba yake hata usiku mmoja, na sababu ni bibi kizee wa Kijapani asiyefikia urefu wa kidole gumba. Ype alimpa jina la Bi Otsune. Ana nyumba ya wageni mlimani, kwenye theluji, na kazi yake ni kukaa nyuma ya mlango akimsubiri mwanawe aliyekwenda mjini. Aliishi ndani ya mchezo kwenye kompyuta ya Ype, chumba cha juu, hapa kwetu Bolsward. Kompyuta hiyo haikuzimwa kamwe. Ingezimwa, Bi Otsune angepotea pamoja na theluji yake, na mwana angerudi asikute mtu.

Mimi ni mwenyekiti wa klabu ya kompyuta za zamani ya Bolsward, kwa hiyo msidhani nasimulia ya kusikia. Tatizo nilikuwepo likizaliwa. Mashine ilikuwa ya huku kwetu, programu ilitoka Osaka kwa posta, na katriji, kijisanduku cha kuchomeka cha kuhifadhia mchezo, ikatoka Osaka vilevile. Kila kitu kiliingia mahali pake vizuri kabisa, lakini havikusikilizana, kama wifi na wifi kwenye jiko moja. Huko Japani ungecheza jioni, katriji ikaandika ulipofikia, ukazima ukalala. Hapa programu haikuiona katriji. Ilikuwa imechomekwa tundu la pili kati ya mawili, kama picha ya kwenye kasha inavyoonyesha, na programu ikawa kama haijui kuna kitu.

Tena mashine zetu hazina herufi za Kijapani. Chochote ambacho programu ilitaka kusema kilitoka kama visanduku vyeupe. Chini ya skrini palikuwa na safu ya visanduku hivyo, vikimetameta mchana na usiku. Ype alisema ni uzio wa nyumba ya wageni. Tukakaa kikao, tukajadili, tukapiga kura: ni uzio.

Kwenye kasha palikuwa na picha mbili. Ya kwanza kijana anaondoka na mkoba, ya pili kijana yuleyule anamkumbatia mamake. Katikati pameandikwa 30 na alama moja ya Kijapani. Siku, miezi au miaka, hatukujua. Klabu ya Drachten, mji wa jirani, walikuwa na mtu anayesoma Kijapani, lakini watu wa Drachten tulikuwa hatusemeshani nao tangu walipokaa na kebo yetu. Tukapiga kura tena. Miaka ilishinda, kwa sababu Ype alisema hakuna mama anayekumbatia hivyo kwa mtoto aliyeondoka siku thelathini tu.

Basi Ype akasubiri. Akaweka betri ya akiba chini ya meza, umeme ukikatika. Akaandika siku ya kuzaliwa ya Bi Otsune kwenye kalenda ya chooni, ambako huku kwetu huandikwa siku za kuzaliwa, pamoja na za ndugu na majirani, na ikishaandikwa chooni hakuna wa kuifuta. Kila mwaka tulialikwa. Tulikaa kwenye viti vilivyopangwa duara, tukala keki, tukapeana mikono mmoja mmoja, maana huku hupongezwa na jamaa wote wa mwenye siku. "Hongera, Hiltje, kwa siku ya kuzaliwa ya Bi Otsune," nilimwambia mke wa Ype. Naye alijibu, "Asante, na wewe pia," akafunika kopo la biskuti. Kwa Hiltje ni kahawa na biskuti moja, kisha kifuniko kinarudi. Ndivyo tulivyolelewa sote.

Miaka thelathini ikatimia na mlango haukufunguka. Tulikaa mbele ya skrini na keki mapajani. Ni Jikke, fundi wetu wa kuchomea waya, aliyetegua kitendawili.

"Kwani televisheni za Japani zinachora picha ngapi kwa sekunde?" aliuliza.

"Sitini," nikasema.

"Na zetu?"

"Hamsini."

"Na programu inahesabu muda kwa picha. Sasa bibi wa watu si anaishi polepole huku? Thelathini ya kwao, kwetu ni thelathini na sita."

Ype alipokea habari hiyo kama mgonjwa anayeambiwa dawa ni nzuri, ila kijiko ni kidogo. Hiltje aliinuka akaosha vikombe ambavyo havikuwa vimemalizwa kahawa, changu kikiwemo.

Lazima niseme kuhusu Hiltje. Kwa miaka yote hiyo alisafiri peke yake, maana lazima mmoja abaki na mashine. Harusi ya dadake Maastricht alikwenda peke yake. Terschelling, kuogelea baharini, peke yake. Kwenye picha zake zote kuna kiti kitupu pembeni, chenye mkoba wake juu ili mtu asikikalie. Niliziona hizo picha, na sikuwaza lolote isipokuwa kwamba mkoba ni mzuri.

Masika haya magoti yakamshinda Hiltje. Ngazi za nyumba yao zimesimama wima kama za kupandia darini. Wakapata nyumba ya chini, isiyo na ghorofa, ng'ambo ya mfereji, na ya zamani ilitakiwa kukabidhiwa saa sita mchana siku ya Alhamisi. Miaka thelathini na sita ilikuwa imebakiza wiki chache tu kutimia.

"Tuombe wiki chache," Ype akasema.

"Saa sita nafunga mlango," Hiltje akasema. "Atakayekuwa ndani, yuko ndani. Nitasikitika, lakini nitafunga."

Ngazini meza haikupita. Mashine ingeweza kubebwa peke yake, lakini katriji ililegea zamani, na mtikisiko mmoja wa ngazi ungeizima mashine. Na hapa kuna kanuni ya kwanza ya klabu, niliyoiandika kwa mkono wangu na kuitundika ukutani: katriji haiguswi mashine ikiwaka. Ukiichomoa au ukiichomeka, unaua kila kitu. Ype hakuigusa hata kwa kitambaa cha vumbi.

Ilibaki njia ya babu zetu. Kila nyumba ya zamani hapa ina boriti inayotokeza juu ya dirisha la juu, yenye ndoana. Kabati na piano hazijui ngazi, zinapita dirishani kwa kamba. Hiltje akamwita mpwa wake Douwe, mhamishaji wa vyombo, ambaye ameshusha piano nyingi na hajavunja hata moja.

Douwe akaitazama meza: kompyuta, televisheni nzito ya kizamani, betri ya akiba, na kebo zilizoshikana kama tambi.

"Hii naishusha," akasema. "Zima tu."

"Haizimwi," tukasema sote kwa pamoja.

"Shangazi, hawa wako sawa?"

"Shusha, mwanangu," Hiltje akasema. "Usiulize. Mimi niliacha kuuliza."

"Na mimi nakaa juu yake," Ype akasema. "Nishike katriji isitikisike."

"Mzee Ype, una kilo ngapi?"

"Chini ya za piano."

Hapo Douwe akachukua kamba. Tukaifunga meza kwenye ubao wa kushushia piano, tukamfunga Ype kwenye kiti chake, tukakifunga kiti kwenye ubao. Jikke akachomoa plagi ya ukutani. Betri ikashika kazi na kuanza kulia: piii, piii. Ilikuwa na nguvu ya nusu saa. Kule ng'ambo, Jikke alikuwa ameshatandaza waya mrefu kutoka nyumba mpya, ukivuka daraja, hadi kwenye kiambaza chini ya dirisha, plagi ikisubiri. Kazi safi. Nitaisifu hata mbele ya watu wa Drachten.

Ype akatoka dirishani, amekaa wima mbele ya skrini yake kama karani ofisini, mkono mmoja juu ya katriji. Majirani wakasimama. Mmoja akaenda kuleta kiti. Hiltje alibaki juu dirishani na kamba ndogo ya kuzuia ubao usizunguke, mimi nikiwa ubavuni mwake na kopo la biskuti, ambalo alinikabidhi nilishike na si kwa maana nyingine. Douwe na vijana wake walikuwa chini na kamba kubwa.

Wakateremsha kidogo. Bi Otsune akaendelea kusubiri. Wakateremsha tena. Ndipo upepo ukaja, wa hapa kwetu usiobisha hodi, ubao ukazunguka, televisheni ikainama, na Ype akafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: akaishika televisheni kwa mikono miwili. Katriji ikachomoka, ikamwangukia mapajani.

"Usiiguse!" nikapiga kelele. "Kanuni!"

Skrini ikacheza. Theluji ikaenda upande. Ype alikuwa ametoa macho, na mkono wake ukaokota katriji na kuisukuma kwenye tundu lililokuwa karibu. Halikuwa la pili. Lilikuwa la kwanza, lililokaa wazi tangu mashine inunuliwe.

Kwa sheria zote ninazozijua, mashine ilipaswa kufa. Nasema tena ili watu wasipotoke: ilipaswa kufa, na kanuni bado ni sahihi. Haikufa. Ilitoa mlio mdogo, ule uzio wa visanduku ukatoweka, na mlango ukafunguka. Kijana mwenye mkoba alikuwa amesimama hapo hapo kizingitini, theluji ikiwa imemjaa mabegani. Akaingia. Bi Otsune akainuka, kitu ambacho hatukuwahi kumwona akifanya, wakakumbatiana kama kwenye kasha.

Betri tu ndiyo ililia, piii.

"Jikke," Ype akaita kutoka hewani. "Ule uzio ulikuwa nini?"

Jikke alikuwa chini na plagi mkononi. Nilimwona akifikiri, na nilitamani asiseme.

"Ulikuwa maandishi, Ype. Ilikuwa imesimama, inakuomba uweke katriji ndipo mlango ufunguke. Mashine za kwao zimepangwa ndani tofauti na zetu. Tundu la pili lao ni la kwanza letu."

"Tangu lini iliniomba?"

"Labda wiki ile ya kwanza."

"Kwa hiyo hakuwa mjini," Ype akasema. "Alikuwa mlangoni muda wote."

Akalia. Mtu mzima, amefungwa kwenye kiti, ananing'inia kati ya dirisha la juu na la chini, analia mbele ya majirani. Mimi nami nikala biskuti bila kukaribishwa.

"Mzee, tunashusha," Douwe akasema.

"Msishushe," Hiltje akasema.

"Shangazi, kamba inachoma."

"Mwache hapo hapo. Akifika chini atapata pa kwenda." Akainama dirishani, magoti na yote. "Ype. Mwana wa huyo mama alisimama kwenye baridi miaka thelathini na sita kwa sababu hukusogeza mkono. Sawa?"

"Sawa."

"Na mimi je?"

Ype akainua macho. Sidhani alikuwa amewahi kumtazama kutoka chini namna ile.

"Wewe ulikuwa ndani," akasema. "Na mimi."

"Mimi nilikuwa Maastricht. Nilikuwa Terschelling. Nilikuwa nimekuwekea kiti, Ype, kila mahali. Watu wakiuliza kama kina mwenyewe, nasema anakuja."

Betri ikaanza kulia kwa haraka. Jikke akainua plagi juu kadiri alivyoweza. "Mteremsheni kidogo tu, naifikia," akasema. "Anaweza kuendelea. Mchezo haujaisha."

Na kweli haukuwa umeisha. Mama na mwana walikuwa wameketi, na chini yao imetokea safu mpya ya visanduku vyeupe, ndefu kuliko ile ya kwanza, inametameta. Ype aliitazama. Mimi nilianza kuihesabu, maana kikao kingehitaji idadi. Jikke alikuwa amesimama kwa vidole vya miguu.

Ype akapeleka mkono nyuma ya mashine na kuizima.

Skrini ikabaki na doa dogo katikati, kisha na hilo likaondoka. Ype alikaa mbele ya kioo cheusi, na nadhani alijiona humo.

"Kile kiti," akasema bila kugeuka. "Bado unakiweka?"

Kengele ya kanisa ilianza kupiga saa sita, na Hiltje akasikiliza hadi ikamaliza.

"Mshusheni," akamwambia Douwe.

Hiltje alishuka zile ngazi kwa mara ya mwisho kinyumenyume, mimi nikitangulia chini yake ili akianguka aniangukie. Chini, akaufunga mlango wa nyumba kama alivyosema. Ype alikuwa bado amefungwa kwenye kiti, hakuna aliyekumbuka kumfungua. Hiltje akanipokonya kopo, akampa biskuti, akaweka kifuniko. Ype akaila yote, polepole. Kisha Hiltje akafungua kopo tena, akampa ya pili.