Nyuni wa Daktari Fridah

Jumatatu hiyo, saa mbili na robo asubuhi, Daktari Fridah alikuwa amekwisha kuwaombea watoto wa foleni kama desturi yake, na sasa anamtia mtoto wa kwanza katika ile suruali ya mizani, ndipo ndege alipoingia kwa dirisha akatua juu ya kabati la chanjo. Alikuwa mkubwa kiasi cha bata mzinga, rangi ya jivu lililorowa, macho mekundu kama ya mtu aliyekesha na mgonjwa. Muuguzi Maimuna aliliondoa boksi la glavu asije akalichafua. Akina mama wakawafunika watoto wao leso, wakasogeasogea kwenye benchi.

"Kilo nane na nusu," Daktari akasema, na Maimuna akaandika.

Hakuna aliyemtaja yule ndege kwa jina, na sababu yake ilikuwa Daktari mwenyewe.

Miaka thelathini na mmoja nyuma, alipoletwa huku Kwale kutoka Bungoma kuwa daktari wa watoto, mama mmoja alimjia na mtoto anayechemka. Akamwambia kwa adabu, "Daktari, mwanangu ana nyuni." Sasa, kwa Kibukusu, lugha aliyoinyonya, enyuni ni ndege basi, yule wa kufukuzwa kwenye shamba la wimbi au wa kuchomwa akaliwa. Hakujua kwamba Pwani nyuni ni ndege wa pepo anayempitia mtoto juu, mtoto akakakamaa, macho yakageuka meupe. Akacheka. "Ana nyuni? Basi tumchinje tule mchuzi!" Chumba kizima kikacheka naye. Mama yule akajifunga leso vizuri, akasema ahsante, akaondoka na mtoto wake. Siku ya tatu habari ikafika kwamba mtoto amezikwa.

Daktari alilia. Alifunga siku saba akamwomba Mungu msamaha. Yule mama hakumwendea, kwa kuwa hakuwa amemuuliza jina. Kisha akafanya lile aliloliona ndiyo tiba: akabandika karatasi mlangoni, HAPA HAKUNA NYUNI, KUNA MALARIA, na kila aliyelitamka neno lile akakaripiwa mbele za watu. Baada ya miaka mitatu hakuna aliyelitamka tena. Daktari akamshukuru Mungu kwamba watu wameelimika. Kumbe hofu ilikuwa pale pale, ila hakuna aliyemwambia. Mama unayepakata mwana, na wewe uliyevaa koti jeupe, jihadharini, shimo liko hapo.

Maana nyuni ana mwiko wake: mtoto aliyepitiwa hapigwi sindano, akipigwa anakata roho papo hapo. Hivyo ndivyo watu wanavyoamini, na aliyeogopa sindano akaogopa na kukaripiwa, alikaa nyumbani kwake. Waliokuja, Daktari aliwaponya. Kuna akina Fridah wengi kutoka Galu hadi Vanga waliopewa jina lake kwa shukrani, na yeye aliwajua wote kwa uzito waliozaliwa nao.

Jioni ndege alimfuata nyumbani Ukunda akatua juu ya friji. Akakaa juma zima, mchana kliniki na usiku nyumbani. Jumapili walikwenda kanisani pamoja, na mzee wa mlangoni akamwomba ndege asogee kutoka viti vya kwaya, naye akasogea. Mahubiri yakaendelea.

Nyumbani kwa Daktari chakula cha Jumapili kilikuwa sheria. Watoto wanne, wakwe, wajukuu, wote mezani, na hakuna aliyegusa kijiko mpaka yeye aseme amina. Mjukuu mdogo aliitwa Amin. Alikuwa mtoto wa Harrison, mwanawe aliyekuwa mpishi wa hoteli, na Mishi, msichana wa Kiislamu wa Jego, na jina hilo ndilo pekee ambalo nyumba zote mbili hazikuligombea. Bibi akimaliza kuomba, mtoto alidhani anaitwa, akaitika "Eee!" na meza yote ikacheka.

"Mama, huyu wa juu ya friji tumlishe, au ni wa pambo?" Harrison aliuliza.

"Kula wewe. Ulikuwa na maneno tangu tumboni."

Mishi hakucheka. Tangu asubuhi ndege alikuwa ameipinda shingo anamtazama Amin.

Baada ya chakula Mishi alimfuata mkwewe jikoni. "Mama, mtoto hakulala vyema."

"Anashtuka?"

Mishi akamtazama ndege. Alikuwa na miaka mitatu katika nyumba hiyo, na yanayosemwa na yasiyosemwa aliyajua.

"Aa. Ni meno tu, mama."

Daktari aliligusa paji la mtoto. Lilikuwa na moto kidogo. Akampa dawa ya homa. "Kesho mlete kliniki, nimtoe damu tumpime."

"Inshallah," Mishi akasema.

Jumatatu juu ya kabati hapakuwa na ndege. Maimuna alipangusa kwa kitambaa chenye dawa. "Afadhali, amehama mwenyewe."

 Daktari alimshika mtoto wa watu mkononi mpaka mama yake akamwomba amrudishe. Mishi hakufika, na simu yake haikupatikana. Kwa Shutu, nyanyake kule Jego, alikuwa amefika tangu saa tatu, na Amin alikuwa anafukizwa majani.

Jumanne asubuhi Harrison alipiga simu. Akampa mtu mwingine aseme.

Daktari alipofika Jego walikuwa wamekwisha kuzika. Ndege alikuwa juu ya paa la jiko, na wanawake walipita chini yake na masufuria ya wali wa matanga. Mishi alikuwa mkekani.

"Alikakamaa mara tatu, mama. Mara ya tatu hakulegea."

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Ningekwambiaje? Kwako neno lenyewe halina pa kukaa."

Daktari alipiga magoti akaomba msamaha, na safari hii aliomba kwa mwenye kidonda. "Nimekusamehe, mama," Mishi alisema upesi, kwa adabu, kama mtu anayemwambia mgeni kwamba kiti hakina mtu. Kisha akageukia ukuta.

Pembeni mwa mkeka alikaa msichana mwenye mtoto wa miezi kumi. Mtoto alikuwa mwekundu wa macho, na kidole chake kilikuwa kinarukaruka chini ya leso. Daktari alikiona. Akamsogelea, akalitamka neno ambalo hakuwa amelitamka kwa miaka thelathini na mmoja.

"Mwanangu, mtoto ana nyuni?"

Waliokaa mkekani wakageuka. Msichana akainamisha uso.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Niambie tu. Sitakukaripia. Twende sasa hivi, gari liko nje."

"Aa, daktari. Mtoto hana kitu. Mambo hayo ni ya washamba, siku hizi sote tumesoma." Akatabasamu vizuri sana, akawaaga wenye msiba, akamfunga mtoto mgongoni na kushika njia ya nyumbani.

Ndege akanyoosha bawa moja, kisha la pili, akaondoka juu ya paa akimfuata. Mwanamke aliyekuwa anapepeta mchele akangoja kivuli kipite, akaendelea kupepeta.