Mahali Daraja Litakapovunjikia

Jumamosi asubuhi Ghislaine Thibodeau alikuwa akikoroga supu ya njegere, binti yake Maryse alipotoweka mezani na kuacha kompyuta ikinguruma. Ghislaine akapunguza moto. Punde Maryse akarudi kitini, suruali imelowa hadi magotini, akaendelea kubonyeza.

"We Maryse! Sakafu nimeipiga deki jana tu!"

"Nisamehe, mama. Nilikuwa chini ya daraja."

"Tena?"

"Hesabu ndiyo inayonirusha. Sina ujanja."

Maryse alikuwa mhandisi, na ofisi yao ilipewa daraja la mtoni ilipime uimara. Hesabu ile kazi yake ilikuwa kutafuta mahali daraja lingevunjikia kwanza, likivunjika. Ilikisia, ikajisahihisha, ikakisia tena, duru baada ya duru, nayo haikutulia. Duru moja ilisema daraja bovu, iliyofuata ikasema zima. Ikisema zima, Maryse alikuwa jikoni kwa mama yake. Ikisema bovu, alikuwa mtoni, katika maji ya theluji iliyoyeyuka. Desturi ya ofisi ilikuwa kukatisha hesabu kwenye duru ya mia na kuandika jibu la mwisho, liwe limetulia au halijatulia. La mwisho lilikuwa zima.

"Kompyuta imesema zima," mkubwa wake, Bwana Réal Vachon, alimwambia kwenye simu. "Wewe nani ubishane nayo?"

"Nikiongeza duru moja tu, bosi, itasema bovu."

"Basi usiongeze!" Akacheka.

Maryse akaweka simu chini. "Nitafupisha hatua, mama. Inaruka mbali mno, inapitiliza, inarudi, inapitiliza tena. Ikienda kidogokidogo itatulia."

"Fupisha, mwanangu. Nimechoka na deki."

Akafupisha. Alipotoweka tena, hakurudi mezani bali mlangoni. Kisha akarudi hadi uani tu. Kisha Ghislaine akamwona dirishani, kwa mbali, kwenye kona ya barabara ya mtoni. Baada ya hapo hakurudi.

Ghislaine akazima jiko, akavaa buti, akamfuata. Alimkuta chini ya daraja, kiganja kimeshika kiungo cha boriti kilicholiwa na kutu.

"Ni hapa, mama. Jibu limetulia."

"Vizuri. Njoo ule basi."

"Siwezi. Mimi nami nimetulia."

Ghislaine akamvuta mkono, akamvuta kiuno. Hakutikisika. Akavua koti lake, akamfunika.

Bwana Vachon alikuja mchana, akawasalimu wote wawili, akakitazama kiungo kile kwa muda mrefu.

"Ripoti ilishapelekwa," alisema.

"Iko sahihi?" Ghislaine akauliza.

"Imekamilika, Bi Ghislaine."

Akamwandikia Maryse likizo isiyo na malipo, akapanda gari, akarudi zake kwa kupita juu ya daraja lilelile.

Enyi wenye watoto, sikilizeni. Tangu Jumatatu iliyofuata Ghislaine husimama kando ya barabara, basi la shule linapokaribia, akipunga mikono.

"Zungukeni! Piteni daraja jingine, kule juu mtoni!"

"Huko mbali, mama," dereva humjibu. "Watoto watachelewa. Binti hajambo?"

"Hajambo. Yupo palepale."

"Mpe pole zetu."

Kisha dereva hupunguza mwendo kwa heshima, watoto humpungia Ghislaine madirishani, na basi hupita juu ya kichwa cha Maryse.