Namba Saba ya Mzee Mita

Fundi alibana kichwa cha fimbo kwenye jiliwa, akachukua tupa, akaanza kuisugua namba iliyochongwa chini yake. Ilikuwa tatu. Kufikia saa sita mchana ingekuwa saba, na hakuna mtu ambaye angejua isipokuwa yeye.

Pale kwenye uwanja wa gofu walimwita Gundi, kwa kuwa hakuna walichovunja akashindwa kukiunganisha. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya jengo la wachezaji, chenye dirisha dogo na harufu ya rangi isiyotoka hata ufagie vipi. Jumamosi asubuhi kilijaa walalamikaji, hasa wenye wudi. Hizi ni zile fimbo zenye vichwa vinene, za kupigia mbali; watu bado wanaziita wudi ingawa mti haumo tena, ni chuma kitupu. Ukiacha namba moja, ambayo kichwa chake kikubwa hakifanani na vingine, namba tatu ndiyo inayopeleka mpira mbali kuliko zote, tano iko katikati, na saba inaurusha juu lakini hauendi mbali sana.

Mwalimu mkuu mmoja aliapa kwamba namba tano yake ina chuki na upande wa kulia. Muuguzi mstaafu hakutaka hata kusikia habari za namba tatu. "Hainyanyui mpira, inakata nyasi tu," alisema. "Ningekuwa na ng'ombe ningeishukuru." Gundi aliwasikiliza wote, akazipindua fimbo zao mikononi, na karibu kila mara aliona kwamba ugonjwa hauko kwenye fimbo. Hakuwaambia. Fundi anayemwambia mteja ukweli wa namna hiyo hufunga karakana mapema.

Lakini fimbo iliyokuwa kwenye jiliwa siku ile haikuwa ya mteja tu. Ilikuwa ya baba mkwe wake.

Mzee Mita alikuwa mpima ardhi kwa miaka arobaini, na kustaafu hakukumponya. Ukimuuliza hali yake alikujibu kwa tarakimu. Shimo la sita la uwanja ule lina bwawa mbele yake, na kutoka pale mpira unapowekwa juu ya kijiti chake hadi ukingo wa pili ni mita mia moja arobaini na nane. Alizipima mwenyewe, kwa sababu kibao cha klabu hakukiamini. Kila Jumamosi alilivuka bwawa lile kwa wudi namba saba, kisha akatoa daftari mfukoni na kuandika tarehe, upepo, na neno moja: umevuka. Gundi ndiye aliyembebea mfuko.

Mwezi wa nne, mwaka juzi, mpira uliangukia majini. Mzee alikwenda moja kwa moja karakana.

"Mwanangu, hii fimbo imechoka."

"Imechoka vipi, baba?"

"Imepungua mita sita. Upepo haupo, mpira ni mpya, na mimi ni yuleyule. Imebaki nini?"

Gundi aliipima fimbo siku nzima. Mpini ulikuwa umenyooka, kichwa hakikuwa na ufa hata wa kuingiza unywele. Kilichopungua alikuwa amekiona tangu asubuhi, pale mzee alipokunja mikono ya shati na kitambaa kikaning'inia kwenye mikono iliyokonda. Angesema, basi. Lakini utaanzaje kumwambia baba wa mkeo kwamba fimbo ni nzima, wewe ndiye mbovu? Akatafuta kichwa cha namba tano cha kampuni ileile, akaifuta tano, akachonga saba, akapaka rangi, akakigandisha kwenye mpini uleule wa zamani. Juu yake akaivisha ile soksi ya sufu ya kufunikia kichwa cha fimbo, aliyoifuma marehemu mama mkwe. Macho ya mzee hayakuwa tena ya kuona vitu vya karibu.

Jumamosi iliyofuata mpira ulivuka na kuzidi. Mzee alicheka mpaka akakohoa, akawanunulia soda wote waliokuwa karibu, akawaambia kwamba mkwe wake ana mikono ya daktari. Gundi alikunywa soda yake. Ilikuwa hisani, na tusimwonee: siku ile ilikuwa hisani kweli.

Mwaka ulipita. Kisha mzee akaanza kuangusha vitu. Jumapili moja, nyumbani kwa Gundi, kikombe kilimponyoka na chai ikamwagika mezani hadi mapajani mwa wajukuu. Mkewe Gundi, ambaye wote walimwita Mama Pacha, alifuta meza bila kumtazama baba yake.

"Ni mara ya pili wiki hii, baba. Na vifungo vya shati lako siku hizi nakufungia mimi. Kesho twende hospitali."

"Kikombe kilikuwa na utelezi."

"Baba."

"Nisikilize, binti yangu. Mwili wangu naupima kila Jumamosi, kwa mita, mbele ya shahidi. Mikono inayovuka bwawa kwa namba saba haina ugonjwa. Siku mpira utakapoangukia majini, sitabishana na wewe. Utanichukua siku hiyohiyo, hata nikiwa na matope viatuni."

Mama Pacha alimgeukia mumewe. "Umesikia? Wewe ndiye shahidi. Nikikuuliza utaniambia kweli?"

Gundi alikuwa na chai mdomoni. Aliimeza taratibu, naye akaitikia kwa kichwa. Kama kulikuwa na dakika ya kusema, ilikuwa ile, na aliipitisha akitafuta kijiko kilichoanguka chini ya meza.

Tangu siku ile, kila Jumamosi alipofungua mlango alikutana na swali moja.

"Amevuka?"

"Amevuka."

Naye Mama Pacha alishusha pumzi, akarudi jikoni akiimba. Hicho ndicho kilichomtesa Gundi kuliko vyote, ule wimbo.

Mpira ulianza tena kuangukia karibu na maji. Wiki moja ukagonga tope la ukingo na kujikokota mpaka kwenye nyasi. Mzee akaandika umevuka, kwa kuwa ulikuwa umevuka, lakini akabaki ameinamia daftari kwa muda. "Imechoka tena, mwanangu," alisema. "Hebu iangalie."

Na sasa turudi kwenye jiliwa. Safari hii Gundi hakuwa na pa kujificha, alijua vizuri anachokifanya. Alijiambia kwamba ni mara ya mwisho. Kwamba akiiacha fimbo ilivyo, mzee atapelekwa hospitali, maswali yatafika mpaka kwenye fimbo, na Mama Pacha atajua. Kwamba atamshawishi mzee yeye mwenyewe, taratibu, kwa njia nyingine, wiki ijayo. Unga wa chuma ulimwangukia viatuni. Alimaliza saa sita kasoro, na saba yake ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuchonga.

Wiki ijayo haikuja. Miezi minane ilikuja, na kila Jumamosi mzee alivuka na kila Jumamosi alikuwa amepungua. Glovu ilimzunguka mkononi. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akaacha kufunga kamba za viatu, akaanza kulala amekaa kwa sababu shingo ilimuuma. Wengine wakiuliza, alipiga kofi mfuko wa fimbo na kuwaambia wamuulize namba saba. Nao waliacha kuuliza, kwa sababu waliona mpira kwa macho yao ukianguka upande wa pili. Gundi alihesabu mita zilizobaki kati ya mpira na maji. Nane. Tano. Mbili. Baada ya namba tatu hakuna namba nyingine ya kuazima.

Jumamosi ile ya mwisho hapakuwa na upepo. Mpira uliruka chini chini, ukaonekana utafika, ukaingia majini bila kelele kubwa. Viduara vilitanuka mpaka vikagusa ukingo walipokuwa wamesimama. Mzee Mita alivitazama vikiisha. Kisha akatoa daftari, akaandika, akamkabidhi Gundi fimbo.

"Mpigie mke wako," alisema. "Ahadi ni ahadi."

Alifika hospitali na matope viatuni, kama alivyosema.

Siku nne baadaye waliketi watatu mbele ya daktari, mama mmoja mwenye miwani aliyesema polepole. Picha zilikuwa ukutani, zinawaka kwa nyuma. Akawaonyesha shingo, na kando ya uti wa mgongo kitu cheupe kama yai dogo.

"Huu ni uvimbe, mzee. Unabana neva za mikono. Udhaifu ulianza lini?"

"Jumamosi iliyopita."

Daktari aliacha kuandika. "Jumamosi hii hii?"

"Mimi ni mpima ardhi, daktari. Sikisii." Akaliweka daftari mezani. "Miaka saba, kila wiki, fimbo ileile, bwawa lilelile. Nimeshindwa mara mbili tu. Mwaka juzi, na hiyo ilikuwa fimbo, mkwe wangu akaitengeneza. Na Jumamosi iliyopita."

Daktari alifunua kurasa, akatazama tena picha. "Sielewi. Huu hukua polepole sana. Walio nao huanza kupoteza nguvu ukiwa kama punje ya mahindi, na ukija wakati huo tunautoa wote, unarudi kwenye fimbo zako. Sasa umeshikana na neva. Nikiugusa, huenda mikono isinyanyuke tena. Nikiuacha, utaendelea mpaka kwenye pumzi." Akavua miwani. "Hii haiwezi kuwa ya wiki moja."

"Mume wangu alikuwepo kila wiki," Mama Pacha alisema. "Mwambie daktari. Si ulikuwa ukiniambia?"

Gundi aliitazama mikono yake. Rangi nyeusi ilikuwa imebaki kwenye kucha. Aibu ilimpanda mpaka masikioni akadhani hatasikia sauti yake mwenyewe, lakini alisikia, na wote walisikia. Aliwaambia habari ya namba tano. Aliwaambia habari ya namba tatu. Alipofika kwenye soksi ya sufu akashindwa kuendelea.

Mama Pacha hakupiga kelele. "Nilikuuliza kila Jumamosi," alisema. Akachukua kiti chake, akakihamishia upande wa pili wa baba yake.

Mzee Mita alikuwa ameinama kama wakati ule pale ukingoni.

"Mwezi gani?" aliuliza.

"Wa nne, baba. Mwaka juzi."

Mzee alilivuta daftari, akalilaza wazi, akaomba kalamu. Vidole viliiangusha, Mama Pacha akaiokota na kumfungia mkono juu yake. Akatafuta ukurasa, akapiga mstari uliotetemeka kutoka ukingo hadi ukingo, kisha akalisukuma daftari kwa daktari.

"Sahihisha hapo," alisema. "Juu ya mstari ni mimi. Chini yake ni mkwe wangu."