Matanga ya Liévin na Saison ya Tatu

Ile série ya télé ya Bazungu ilinichokesha tangu mwanzo, sitaficha. Bunia yote ilikuwa inaiongelea, ku soko, ku salon, ata mu mulango ya kanisa. Mwangaza ya buluu inashuka juu ya muji, inakamata batu, banapotea. Balienda wapi? Hakuna mwenye alijua. "Ngojeni saison ya tatu," balikuwa banatuambia, "pale ndiyo yote itaonekana."

Mama mukwe yangu, Berthe, aliamini. Miye niko muke ya mutoto yake Liévin, mwenye alienda kuchimba zahabu kule Bambu. Batu ya silaha baliingia kule, na tangu ile siku, sasa miaka ine, hatukuona mwili, hatukusikia sauti. Jamaa yake ya kule Kpandroma balituma neno mara mbili: tufanye matanga, mutu apumzike. Mama alikataa.

"Tungoje kwanza," alisema. "Tuone bale ba mu série balienda wapi."

Mutu muzima, jamani! Nilikasirika mpaka nikaacha chakula. Nilitaka kuvaa nguo nyeusi, nilie mara moja, nimalize. Ku fontaine, kwa kuteka maji, banawake bananiuliza kama niko mujane ao niko na bwana. Na kila mwezi niko nafua shati ya Liévin, nairudisha ku musumari nyuma ya mulango.

Basi kila dimanche, kisha misa, tulikuwa tunaenda kwa jirani yetu Prudent, juu yeye iko na panneau solaire ya umeme na télé kubwa. Mama hasikii Kifaransa, ni miye namutafsiria mpaka kinywa inakauka.

Épisode ya mwisho ya saison ya tatu ikafika. Kiwanja ya Prudent ilijaa batu. Saa nzima, mule mu télé, ni kukimbia mu ma couloir ya manyumba, kulia, kubusana. Kisha mulango ya mwangaza ikafunguka, tukasogea siye bote, na majina ya batu balitengeneza série ikaanza kupanda ku écran. Imeisha.

"Bongo, banatudanganya!" Prudent alilalamika. "Miaka yote hii, kumbe banatupeleka ku saison ya ine! Mwaka kesho!"

Mama alinishika mukono. "Balisema balienda wapi?"

"Habakusema, Mama."

"Bazungu, na ma machine yao yote, habajui?"

"Habajui."

Kisha akasimama polepole, akakaza kitambaa yake ku kichwa.

"Kama ata bao habajui, miye nangoja nini tena? Kesho tuma neno Kpandroma. Bakuye, tumulilie mutoto yangu."

Ile neno niliingoja miaka ine. Nilipashwa kumushukuru. Lakini niliwaza ile shati, na nani ataitoa ku musumari. Nilichoka, ndiyo, lakini nikaogopa kuliko kuchoka.

"Mama," nikamuambia, "ulisikia Prudent? Saison ya ine iko inakuya. Tungoje kidogo tena."