Siku Tatu Bila Kukemewa

Likizo ya karnavali ya mwaka 2010 ilipoanza, Darlène alijiandaa kupanda treni kama wanafunzi wengine wa bweni. Badala yake alimkuta tonton Onésime, mdogo wa baba yake, amesimama langoni pa shule ya masista kando ya gari refu jeupe lenye vitanda, jiko na choo, lile ambalo Wabelgiji huliita mobil-home. Tonton alikuwa fundi wa magari. Hilo aliazimwa na mteja wake. Ndani yake tantine Émérance, dada mkubwa wa baba, aliketi na mkoba mapajani kama mtu anayengoja kuitwa na daktari.

"Tunaenda kutembea," tonton alisema. "Tutaona mito."

"Mito? Mwezi wa pili?"

"Alors? Baridi inafunga mito?"

Darlène alikuwa na miaka kumi na tano, na orodha yake ya adhabu ilikuwa ndefu kiasi kwamba masista waliipa daftari lake la pekee. Hakuwa mtoto wa kutishwa na mto. Lakini safari hii ilimtia shaka. Baba yake, Modeste, alikwenda Bukavu mwezi wa kwanza kumjengea bibi nyumba, akaugua huko. Mama yake alimfuata juma lililopita.

"Papa anaendelea aje?"

"Iko hospitali," tantine alijibu, akiangalia dirisha. "Banamuchunga muzuri."

Kisha akaichukua simu ya Darlène, eti anakwenda kuichaji. Haikurudi.

Kwao, habari ya kifo haitolewi njiani wala kwa simu. Hutolewa nyumbani, watu wamekaa, na mzee ndiye anayesema. Na mpaka viti vipangwe na ndugu wa mbali wafike, mfiwa huzungushwa huku na huko na watu wenye nyuso za kawaida kupita kiasi. Darlène mwenyewe aliwahi kubeba viti kwa ajili ya jirani aliyekuwa bado anazungushwa madukani. Kwa hiyo alizijua dalili. Alijua pia kwamba kuuliza hakusaidii, maana wakubwa wangedanganya, na uongo huo ni sehemu ya adabu.

Basi akaamua kufanya uchunguzi wa kisayansi. Tantine Émérance aliwahi kumvuta sikio kuanzia kituo cha Porte de Namur, akateremka naye barabara ya Chaussée de Wavre mbele ya wauza vitenge wote, kwa kosa la chingamu moja. Mwanamke huyo hakuwahi kuacha kosa lipite bila hotuba. Akifoka, papa yu hai. Asipofoka... Darlène hakuimaliza sentensi hiyo.

Siku ya kwanza walitembea kando ya mto Dyle. Maji yalikuwa ya rangi ya chai iliyosahaulika, na malisho yote yalikuwa yamefurika. Waliporudi garini, Darlène akatia vijiko vitatu vya chumvi katika kikombe cha tonton. Tonton akanywa. Akasimama kidogo, akanywa tena mpaka mwisho.

"Iko muzuri," akasema. "Merci, mwanangu."

Siku ya pili alificha buti moja la tantine ndani ya sufuria ya ugali. Tantine alilitafuta, akalikuta, akalivaa. Ugali ukapikwa katika sufuria ile ile. Walikula, na Darlène, aliyekuwa amebuni uovu huo, ndiye aliyeshindwa kumeza.

Jumapili walirudi Brussels, lakini si nyumbani. Nyumba yao ilikuwa Auderghem, dakika kumi tu kutoka hapo tonton alipoegesha, kwenye mabwawa ya Rouge-Cloître, msitu wa Soignes unapoanzia.

"Tuko karibu na kwetu," Darlène alisema.

"Tutembee kidogo kwanza," tonton akajibu, akitazama saa. "Hewa iko muzuri."

Hewa ilikuwa ya kukata masikio. Kijito kilipita chini ya njia ya mbao kikaingia katika matete makavu, na juu ya matope kulikuwa na ngozi nyembamba ya barafu. Bata wawili walitembea juu yake kwa hadhari ya wazee wa kanisa. Tantine alisema maji ni mazuri. Tonton alisema ndiyo, ni mazuri. Kila mtu alikuwa mwema, na wema huo ulimchoma Darlène kuliko baridi.

Hapo akafanya jambo ambalo hata yeye, kwa hadhi yake katika fani ya utundu, hakulionea fahari. Alitangulia mbele hadi mwisho wa mbao, akavua koti lake jekundu, akalitupa katikati ya matete, akavunja barafu kwa jiwe, akapiga ukelele mmoja. Kisha akajificha nyuma ya rundo la magogo. Kwa kosa hili, alijiambia, atapigwa. Lazima apigwe.

Tonton alikuja mbio. Hakuvua hata viatu. Maji yalimfika kiunoni, naye akawa anachimba matope kwa mikono na kuita, "Darlène! Darlène!" Halafu akainua uso juu, sauti ikapasuka.

"Yesu, usitwae babili kwa juma moja!"

Nyuma ya magogo Darlène aliyasikia yote, akawahesabu hao wawili: yeye na papa. Alikaa hapo muda wa kuvuta pumzi tatu, na huo ndio muda aliokuwa nao wa kulia peke yake. Kisha akatoka.

"Niko hapa, tonton. Nipige."

Tonton alimtazama. Matope yalimtiririka mikononi.

"Tafadhali, tantine," Darlène alimgeukia shangazi. "Sema kitu. Niite mujinga."

Tantine Émérance alifungua kinywa. Kikabaki wazi, bila hotuba. Alifungua kitenge alichojifunga juu ya koti, akamfunika Darlène mabegani, kisha akainama kumvuta ndugu yake kutoka majini.

Walirudi garini polepole. Tonton alitetemeka hadi meno yakagongana, na Darlène alipiga magoti kumvua soksi, akazikamua, akamsugua miguu kwa taulo. Mguu wake ulikuwa na kidole kirefu cha pili, kama wa papa.

"Donc," tonton alisema hatimaye, akiogopa jibu. "Pale ndani ya maji... nilisema nini?"

Darlène aliendelea kusugua. Nyumbani kulikuwa na watu waliokesha wakipanga viti kwa ajili yake. Kulikuwa na mzee aliyesafiri kutoka Liège akiwa amebeba neno moja.

"Uliita jina yangu, tonton. Tu."

"Tu?"

"Tu."

Saa kumi simu ya tantine ililia, akajibu, "Tunakuya." Mtaani kwao magari yalijaa pande zote mbili. Sebule ilikuwa imetolewa meza na kabati, na watu walikaa kando ya kuta. Mzee Polycarpe, yule wa Liège, alimwonyesha kiti cha katikati. Akakohoa. Akaanza mbali, kama inavyotakiwa, akamuuliza kama safari ilikuwa nzuri.

"Ilikuwa nzuri, mzee," Darlène alijibu, akakaa vizuri ili aambiwe.