Kitundu Kilichosogeza Kijiji

Usiku wa jana niliota bunduki ya kijiji imelala kitandani kwangu, imejifunika shuka hadi shingoni, na mimi nimetundikwa ukutani kwenye msumari wake.

"Shuka lako fupi," inaniambia. "Kitako changu kiko nje."

"Vumilia," naijibu. "Kutakucha sasa hivi."

"Kutakucha ndilo tatizo lenyewe," inasema, nami nakumbuka kwamba ni kweli.

Hapa lazima niingize jambo ambalo si la ndotoni. Baba yangu, Kasiani Komba, ni askari wa wanyamapori wa kijiji chetu. Tembo wakishuka kutoka porini kuja kula mahindi, baba ndiye anayetoka. Ameifanya kazi hiyo tangu sijazaliwa, na ndiyo iliyonisomesha hadi chuo kikuu. Leo asubuhi mkaguzi anakuja kutoka wilayani kuwapima askari shabaha, na atakayeshindwa atavua sare. Siku hizi baba anakosa. Mkono wake uko imara kabisa. Kilichochoka ni jicho. Kilengeo cha nyuma cha bunduki ile ni kifereji kidogo, na jicho la mtu wa umri wake haliwezi tena kushika kifereji kilicho karibu, ncha ya mtutu na shabaha ya mbali kwa wakati mmoja. Niliporudi na shahada yangu nilimletea kilengeo cha aina nyingine, cha bei rahisi: kipande cha chuma cheusi chenye kitundu, cha kufungwa kwa skrubu. Mtu anachungulia tu, jicho lenyewe linajitafutia katikati. Baba alikishika, akakigeuzageuza, akanirudishia.

"Hiki ni cha watu wasioona, mama," aliniambia kwa upole. "Mimi naona."

Nikalala nacho chini ya mto. Sasa turudi ukutani.

Najitundua kwenye msumari, nachukua bisibisi, nakaa kando ya bunduki kama anayemuuguza mgonjwa. Kilengeo cha zamani kinanikodolea kifereji chake.

"Umekuja kuning'oa," kinasema.

"Nimekuja kukupumzisha."

"Ndivyo wanavyosema wote wakiwa na bisibisi. Unajua ni mawe mangapi nimeyala?"

Mawe hayo nayajua. Bunduki ni moja, askari ni wanne, wanapokezana kwa zamu. Kila anayeipokea huokota jiwe, hukigonga kilengeo kidogo upande unaolifaa jicho lake, halafu husema sasa iko sawa. Anayefuata naye huokota jiwe lake.

"Bosko ananigonga kulia," kinasema. "Baba yako ananirudisha kushoto. Yule wa tatu hunigonga akiwa na hasira za nyumbani kwake, na huyo hata simlaumu. Siku hizi sielekezi popote, binti. Nawasikiliza tu."

Kinashuka chenyewe, kinavaa kandambili zangu, kinatoka nje bila kuaga.

Chini ya mto mtu anakohoa.

"Samahani," inasema sauti nyembamba. Ni kilengeo kipya. "Mimi ni wa bei rahisi. Sina kioo, sina betri. Nina tundu tu, na tundu lenyewe ni mahali ambapo chuma hakipo."

"Unatosha," nakiambia, na namaanisha.

"Basi shika kanuni yangu. Usinitazame mimi. Tazama kupitia kwangu."

Nakitazama. Ni kitundu kidogo sana, nacho kinaona haya, kinafumba.

"Nimesema usinitazame."

"Samahani. Mazoea."

Najaribu tena. Safari hii natazama kupitia kwake, na kwa kuwa kanuni ni kanuni, napita mzima mzima, kichwa, mabega, bisibisi mkononi, miguu mitupu.

Upande wa pili ni darasa la shule yetu ya msingi. Kwenye meza ya mwalimu ameketi tembo, anafuta chaki kwa kitambaa. Hakuna anayeshangaa, kwa hiyo nami naacha kushangaa.

"Shikamoo, mkaguzi."

"Marahaba. Sogea karibu, sikuoni. Mimi macho yangu ni mabovu, ndiyo maana nimepewa kazi ya kupima macho."

Inaniingia akilini bila taabu. Naketi kwenye dawati la mbele, na magoti yangu yanagonga mbao kama zamani.

Baba amesimama ubaoni na bunduki. Kilengeo kipya kimekaa juu yake, lakini hakijafungwa; kimeketi tu kama kuku juu ya ukuta. Naona pia baba amevaa joho langu la mahafali.

"Baba, hilo ni joho langu."

"Nimeambiwa nije na sare," anasema. "Hili ndilo lililokuwa limepigwa pasi."

Nyuma ya darasa ameketi baba mdogo Bosko, askari mwenzake, anakula mhogo wa kuchoma.

"Kaka Kasiani umependeza," anasema Bosko. "Ukikosa shabaha leo, utapata kazi ya kuimba kwaya."

"Kula mhogo wako, Bosko."

Tembo anagonga meza kwa mkonga. "Kanuni ya jicho. Vitu vitatu haviwezi kuonekana vizuri kwa pamoja. Chagua kimoja."

"Ncha ya mtutu," anasema baba, na hilo ni jibu sahihi.

Papo hapo ncha ya mtutu inakuwa wazi kiasi kwamba naona alama ya kila tupa iliyopita juu yake. Vingine vyote vinaingia ukungu. Ubao unaingia ukungu. Tembo anakuwa rangi ya kijivu isiyo na mwisho. Namtafuta baba, naona joho tu, na juu ya joho mahali panapofanana na uso.

"Baba?"

"Nipo, mama."

"Sikuoni uso."

"Mimi sijakuona uso tangu uliporudi kutoka chuo," inasema sauti yake, taratibu, kama anayetaja hali ya hewa. "Nakujua kwa mwendo."

Nataka kulisikia tena neno hilo ili niwe na hakika, lakini bunduki imeshalia. Risasi inatoka mtutuni kwa miguu, imevaa koti.

"Hodi," inasema. "Kwa karatasi ya shabaha ni wapi?"

"Pita kushoto," anasema Bosko, mdomo umejaa mhogo.

"Bosko!"

"Kaka, mimi nimemwelekeza kwangu. Nilidhani mgeni wangu."

Risasi inapita kushoto, inasalimia dirisha, inaondoka zake.

"Kushoto," anasema tembo. "Sogezeni kilengeo upande mnaotaka risasi iende. Hesabu ya kawaida hiyo."

Nainuka kwa furaha, kwa sababu hili nalijua. Naweka bisibisi kwenye skrubu ya pembeni, naizungusha. Inalia: tiki. Darasa linasogea kulia. Si kilengeo kilichosogea. Ni darasa, na uwanja wa shule, na minazi miwili ya mwalimu mkuu. Nazungusha tena. Tiki. Kanisa linasogea, linaegemea kwenye mashine ya kusaga. Tiki. Kupitia dirishani naona choo cha Mama Mapunda, jirani yetu, kinapita polepole mbele ya nyumba ya mwenyekiti wa kijiji, naye Mama Mapunda yumo ndani.

"Nani anazungusha?" anapaza sauti. "Mwambieni aache! Mtu hata hajajifunika!"

"Samahani, mama!"

"Ni Gaudensia huyo! Shahada yote hiyo, halafu anasogeza vyoo!"

Baba anapiga tena. Risasi inakwenda kushoto vilevile, kwa kuwa karatasi nayo imesogea pamoja na kila kitu. Sielewi. Nimefuata kanuni, na kadiri ninavyoifuata ndivyo kijiji kinavyokwenda kulia, na shabaha iko palepale ilipokuwa haipo.

"Mkaguzi, nakosea wapi?"

"Kilengeo hakijafungwa," anasema tembo. "Ukizungusha kisichofungwa, kinachozunguka ni kingine."

"Basi nikifunge."

"Muulize chenyewe."

Kilengeo kinakohoa kwa adabu. "Sina ubaya na mtu," kinasema. "Lakini mwenzangu aliyetangulia aligongwa na kila mtu kwa jicho lake, na hakuna aliyewahi kusema jicho hilo ni la nani. Mimi sifungwi mpaka mwenye jicho ajitaje."

Nafungua mdomo nimjibie baba.

"Si wewe unayeulizwa," kinaniambia.

Darasa zima linamgeukia baba. Anarekebisha joho. Namwona sasa, ukungu umepungua kidogo, na naona jinsi anavyolibana taya lake, kama anavyofanya akisikia tembo wanavunja mahindi na bado hajajua wako upande gani.

"Kifungeni kwa jicho la Bosko," anasema. "Yeye ndiye asiyeona."

"Mimi?" anasema Bosko. "Mimi naona mpaka kesho."

"Kesho kuna nini?" anauliza tembo.

"Mvua."

Tembo anaandika mvua ubaoni. Kisha anainuka, na darasa linakuwa dogo. Mara si darasa tena. Tuko katikati ya shamba letu, mahindi yamefika kifuani, na tembo amesimama mahali ambapo tembo husimama.

"Kasiani," anasema, "ni mimi ninayekuja shambani kwako. Na nimesema mapema kwamba sioni. Nikija, nawe huoni, tukakutana humu wawili tusioonana, nani atampisha mwenzake?"

Baba anapangusa mtutu kwa pindo la joho.

"Nikisema sioni," anasema mwishowe, "nani atatoka mkija?"

Nataka kulia na nataka kuzungusha kitu, na bisibisi bado iko mkononi.

Kwa mbali jogoo analijaribu koo lake.

"Rudisheni kijiji," anasema tembo haraka. "Kukipambazuka kinaganda hivyohivyo kilivyo."

Nazungusha kushoto kwa nguvu zangu zote. Tiki, kanisa linaiacha mashine ya kusaga. Tiki, minazi inarudi kwa mwalimu mkuu. Choo cha Mama Mapunda kinarudi nyumbani na yeye bado yumo, bado anasema. Imebaki tiki moja. Naibana bisibisi, na mkono wa baba unaushika mkono wangu.

"Umechoka, mama," anasema. "Inatosha."

"Baba, imebaki moja."

"Inatosha."

Jogoo akawika vizuri, nikaamka.

Bunduki ilikuwa ukutani, kwenye msumari wake, haina risasi ndani kama kawaida. Kilengeo kilikuwa chini ya mto. Kulikuwa kunapambazuka. Koo lilikuwa limekauka, nikaenda sebuleni kunywa maji, nikanyoosha mkono kuchota kwenye mtungi bila kutazama, kama ninavyofanya tangu utotoni. Mkono ukashika hewa.

Mtungi haukuwa pale. Sakafuni palikuwa na duara la unyevu, lile ambalo mtungi wetu huliacha chini yake miaka yote. Mtungi wenyewe ulikuwa umesimama pembeni yake, kulia, umbali wa kama kiganja.

Nilichuchumaa nikaligusa duara kwa kidole. Nilikuwa bado nimechuchumaa niliposikia kishindo mlangoni.

"Gaude."

"Abee, baba. Shikamoo."

"Marahaba." Alisimama akijisugua bega, sare yake imepigwa pasi vizuri. Alikuwa akiutazama mlango. "Nimejigonga kwenye fremu. Mlango huu nimeujenga kwa mikono yangu. Naupita gizani."

Aliweka kiganja kwenye mbao, akakitoa, akakiweka tena.

"Nimekuwa nikisema ni bunduki," alisema. "Nikaigonga na mawe. Hata kifereji sikioni, mama. Tangu mwaka jana." Akavuta pumzi. "Hebu lete hicho kitundu chako kabla mkaguzi hajafika. Kifunge kwa jicho langu."

Nilimtazama yeye, nikatazama mtungi, nikatazama fremu ya mlango, ambayo haikuwa na kosa lolote zaidi ya kuwa mahali nilipoiacha. Nilitaka kumwambia kwamba si macho yaliyomgonga leo. Lakini alichosema kilikuwa kweli hata hivyo, na alikuwa amekisema mwenyewe.

Tuliitoa bunduki uani, tukailaza juu ya gunia. Kile cha zamani kilitoka kwa urahisi, kama kilikuwa kinangoja. Niliziingiza skrubu za kipya nikazikaza mpaka zikakataa. Baba akaiegemeza bunduki begani, akaielekeza kwenye kichuguu cha ng'ambo ya shamba, ambako hakuna mtu.

"Usikitazame kitundu," nilimwambia. "Tazama kupitia kwake."

Aliliweka shavu kwenye kitako cha bunduki, akachungulia.

"Kumbe kile kichuguu kina nyasi juu," alisema.

Kisha akaigusa skrubu ya pembeni kwa ukucha. "Na hii ni ya nini?"

Nilimwondoa kidole taratibu. Upande wa pili wa ua, choo cha Mama Mapunda kilikuwa kimefungwa kwa ndani.

"Hiyo tutaizungusha polepole, baba," nilisema. "Majirani hawajatoka."