Pua ya Gharib

Mume wangu Gharib anaogopa kitu kimoja tu duniani, na kitu chenyewe ni tone la mafuta.

Tunaishi Guangzhou, ananunua udi wa kupeleka Unguja, na sifa yake yote iko puani. Anachoma kijipande, ananusa, anajua kama ni udi wa kweli au ukuni uliopakwa manukato. Basi mafua yakamziba pua wiki tatu. Akawa ananichukua mimi sokoni: nanusa, namnong'oneza, naye anatikisa kichwa kana kwamba kanusa mwenyewe. Wallahi nilizipenda siku zile. Miaka minne nimekaa chumbani napika na kufunga mizigo. Pua ile ikizibuka, narudi kwenye masufuria.

Lakini mume ni mume. Jirani yetu mmoja, mama wa Kihindi, tabibu wa Ayurveda, akanifundisha nasya, yaani dawa ya kutiwa puani. Nikampaka Gharib usoni mafuta ya ufuta ya uvuguvugu, nikamkanda kwa taulo la moto, nikamlaza, kichwa kikining'inia ukingoni mwa kitanda.

"Mamaaa!"

"Sijatia bado."

"Nimehisi!"

"Umehisi jasho lako. Tulia, baba, wenzio wanazaa."

Matone mawili huku, mawili kule. Akavuta pumzi, akakohoa, akatema, akaniita muuaji. Kila siku vivyo hivyo. Siku ya sita niko jikoni nazungumza kwenye simu, nikamsikia Gharib akiniita toka chumbani, "Mama Ilham, vitunguu vinaungua!"

Vilikuwa vinaungua kweli. Nikasema alhamdulillahi, kisha nikalia, nikavisingizia vitunguu.

Asubuhi sikuvaa baibui.

"Mbona hujajitayarisha?"

"Pua si imezibuka? Nenda nayo."

"Acha maneno yako, vaa twende."

Sokoni muuzaji akachoma kijipande, akampa Gharib. Akanusa, nikamwona anakunja uso, alikwisha jua. Akanipa mimi.

"Bandia," nikasema, safari hii kwa sauti.

Muuzaji akacheka, akamgeukia Gharib, akamwita bosi kwa Kichina: "Laoban, wewe wasemaje?"

"Laoban ni huyu," Gharib akasema, akaninyooshea kidole mbele ya soko zima. "Mimi nabeba mizigo."